Kilichomwangusha mfalme wa Ufaransa ni deni la vita, siyo mkate. Anayebisha aje

#1 Msomi wa Kibarazani

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia tarehe 14 Julai naona mitandaoni hadithi ileile: watu wa Paris walikuwa na njaa, malkia akawaambia wale keki, wakapandwa na hasira, wakavunja gereza la Bastille, mfalme akakatwa kichwa. Mimi nasema hiyo ni chai. Ufalme wa Ufaransa uliuawa na vita, tena vita vya watu wengine.

Tazameni hesabu. Mwaka 1778 Ufaransa inaingia vitani kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Necker, aliyesimamia fedha, hakutaka kupandisha kodi, akakopa. Vita vile vikala zaidi ya livre (pesa ya Ufaransa enzi zile) bilioni 1. Kufika 1788 serikali inatumia livre milioni 629 kwa mwaka na kukusanya milioni 503. Kati ya hizo 629, milioni 318 ni deni na riba. Nusu nzima ya matumizi inaishia kwa wakopeshaji! Kasri la Versailles na anasa zake zote halikufika hata asilimia 6. Marie Antoinette angetembea pekupeku maisha yake yote, deni lisingetikisika.

Makabaila na maaskofu hawakutaka kutozwa kodi. Agosti 1788 hazina ikasimamisha malipo, mfalme akalazimika kuita Baraza la Matabaka Matatu, ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Likakaa Versailles Mei 1789, na tangu hapo mambo hayakumrudia mkononi tena.

Kwa hiyo deni la vita likazaa mapinduzi, mapinduzi yakazaa vita vingine vilivyokwenda kwa vipindi kuanzia 1792 mpaka 1815. Vita hivyo vilifika mpaka pwani yetu, ila sehemu hiyo nitaileta uzi ukichangamka. Karibuni kwa hoja. Matusi yaacheni nyumbani.

#2 Kijiti cha Moto

Nimewahi siti ya mbele. Muuza kahawa pita na kashata.

#3 Mwokaji wa Ngamiani

Msomi, nabisha, na nabisha kwa kazi yangu. Mimi naoka mikate hapa Tanga, tangu marehemu baba.

Mkate wa kawaida wa Paris ulikuwa wa ratili 4, bei yake sou (sarafu ndogo ya kwao) 8 au 9. Mwanzoni mwa 1789 ukafika sou 14 na nusu. Kibarua alilipwa sou 20 mpaka 30 kwa siku, na familia haitoshelezwi na mkate mmoja. Toa kodi ya chumba, toa kuni, kinabaki nini? Kilichopandisha bei kinajulikana: tarehe 13 Julai 1788 ilipiga mvua ya mawe ikalaza ngano shambani, halafu baridi ya mwaka ule ikagandisha mito, vinu vya maji vikasimama. Bei ilifika kileleni katikati ya Julai 1789, siku zilezile za Bastille. Hiyo nayo utasema ni bahati mbaya?

Sisi huku unga ukipanda hatukimbilii kupandisha bei, tunapunguza uzito. Mteja mzoefu anaunyanyua mkate, anakutazama usoni, anajua. Wenzetu wa Paris hawakuwa na njia hiyo, uzito na bei vilipangwa na polisi. Ndiyo maana foleni zilianza usiku. Tarehe 21 Oktoba 1789 mwokaji mmoja, François, alishikwa na umati uliokuta mikate imefichwa dukani kwake, akanyongwa kwenye nguzo ya taa. Sijasikia mkopeshaji aliyenyongwa siku ile, Msomi. Kanyongwa mwenzangu.

#4 Mwalimu Zuhura

Ahsante mleta mada. Nafundisha historia kidato cha tano na sita, hivyo niruhusuni kusafisha kidogo.

Habari ya "wale keki" haina ushahidi kwamba Marie Antoinette aliisema. Kisa chenyewe, cha binti mfalme asiyetajwa jina, kilikwisha kuandikwa yeye akiwa bado mtoto kwao Austria.

Bastille siku ile ilikuwa na wafungwa 7 tu. Wanne walighushi hati za fedha, wawili walikuwa na maradhi ya akili, na mmoja kabaila aliyefungwa kwa maombi ya ndugu zake. Watu walifuata baruti, kwa sababu asubuhi ile walikuwa wamechukua maelfu ya bunduki pale Invalides na hawakuwa na cha kuzijaza.

Sasa Msomi, deni. Uingereza ilipigana vita vilevile, tena ikashindwa, na deni lake ukilinganisha na ukubwa wa uchumi wake lilikuwa zito kuliko la Ufaransa. Mbona mfalme wao hakuanguka? Kwa sababu alikopa kwa riba ndogo. Bunge lilidhamini deni na hesabu zilijadiliwa hadharani. Ufaransa hesabu ilikuwa siri ya mfalme, na Necker alipochapisha taarifa ya fedha mwaka 1781 aliacha nje matumizi ya vita ili ionekane kuna ziada. Kwa hiyo kiini siyo deni wala mkate, ni serikali isiyoaminika.

#5 Jicho la Tatu

Mnazunguka mbuyu. Mapinduzi yale yalipangwa na Freemason. Someni kilichofichwa.

#6 Kijiti cha Moto

Kwenye uzi wa kuku wa mayai pia ulisema ni Freemason 😂😂

#7 Mwalimu Zuhura

#5 hakuna kilichofichwa, ndugu yangu, madai hayo yana tarehe na mwenyewe. Ni padri Barruel, Mjesuiti aliyekimbilia London, akayachapisha mwaka 1797 na yakanunuliwa sana. Lakini Freemason walikuwa pande zote mbili. Mkuu wao Ufaransa alikuwa binamu wa mfalme, Mtawala wa Orléans. Alipiga kura mfalme auawe, na yeye akakatwa kichwa Novemba mwaka uleule wa 1793. Kama mpango ulikuwa wao, waliupanga vibaya sana.

#8 Jicho la Tatu

Ndivyo wanavyofanya, wanatoana kafara wao kwa wao. Endeleeni kulala.

#9 Baharia Mstaafu

Kama daktari Guillotin, aliyebuni mashine ya kukata vichwa, naye ikamkata. Mchimba kisima.

#10 Mwalimu Zuhura

Hapana mzee wangu. Guillotin alikufa kitandani kwa maradhi mwaka 1814. Wala siye aliyeiunda. Alipendekeza bungeni kwamba wote wauawe kwa namna moja, tajiri na maskini, bila mateso. Mashine ikabaki na jina lake, na ndugu zake hawakulifurahia. Ufaransa iliendelea kuitumia mpaka 1977.

#11 Baharia Mstaafu

1977? Mimi nilikuwa melini tayari! Haya, tusonge.

#12 Athumani wa Kibokoni

Hodi kutoka Mombasa. Mnabishana nani aliwasha, mie nataka kujua kwa nini hawakuzima. Mwaka 1791 walikuwa na katiba na mfalme bado yuko. Wangeweza kukomea hapo. Kilichoharibu ni vita vya Aprili 1792 dhidi ya Austria, na vile vita Ufaransa ndiyo iliyovitangaza.

Tena tazameni ajabu yake. Kundi la Wagironde walivitaka ili wawafichue wasaliti. Mfalme naye alivitaka, akitumai majeshi ya Austria yatashinda na kumrudishia enzi. Aliyepinga kwa sauti kubwa ni Robespierre, huyuhuyu kiongozi wa mapinduzi tunayemwita mnyama. Aliwaambia wazi kwamba hakuna mtu anayependa wamisionari wenye silaha. Hawakumsikia. Jeshi la Prussia likajongea kuelekea mpakani, Paris ikashikwa na woga, tarehe 10 Agosti mfalme akapinduliwa, Septemba jamhuri ikatangazwa, Januari 1793 Louis akakatwa kichwa. Agosti 1793 ikaja amri ya kuandikisha taifa zima: vijana wakapigane, kina mama washone mahema, wazee wakae viwanjani kuwatia moyo wapiganaji. Umwagaji damu wote ule ulitokana na hofu ya vita. Bila vita hakuna Robespierre mnayemjua.

#13 Msomi wa Kibarazani

Athumani umenibebea hoja. Vita mwanzo, vita katikati.

#14 Mwalimu Zuhura

Msishangilie mapema. Kama hofu ya vita ndiyo iliyoua, mauaji yangepungua ushindi ulipokaribia. Paris ilikuwa kinyume. Sheria kali kuliko zote ilipitishwa tarehe 10 Juni 1794, mshitakiwa akanyimwa hata wakili. Siku 16 baadaye Ufaransa ikashinda kule Fleurus na hatari ya kuvamiwa ikapungua sana. Lakini katika wiki zile 6 au 7 Paris peke yake waliuawa zaidi ya watu 1300, mpaka Robespierre mwenyewe akakatwa kichwa tarehe 28 Julai. Hapo hofu ya adui wa nje inaeleza nini?

Na msiisahau Vendée. Waliohukumiwa kifo na mahakama nchi nzima ni kama 17,000, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe kule magharibi viliua mara nyingi zaidi ya hapo. Wale walikuwa wakulima. Waliasi kwa sababu ya mapadri wao na kwa kulazimishwa kwenda jeshini.

#15 Athumani wa Kibokoni

Mwalimu, watu waliokwisha kuuana hawaachi siku moja kwa sababu habari ya ushindi imefika. Na kulazimishwa kwenda jeshini si vita hivyohivyo? Lakini hoja ya Fleurus ni nzito, nitaitafuna.

#16 Mwokaji wa Ngamiani

Mmeruka kutoka Julai 1789 mpaka 1792 kama vile watu hawakula katikati. Tarehe 5 Oktoba 1789 maelfu ya wanawake, wauza samaki na wengineo, walitembea na mvua mpaka Versailles kudai mkate. Kesho yake walimleta mfalme Paris na familia yake. Bunge lilikuwa limeshakaa miezi likijadili haki, lakini waliomng'oa Versailles ni kina mama waliorudi sokoni mikono mitupu.

#17 Karafuu Mbichi

Msomi, uliahidi habari za pwani. Tunangoja.

#18 Msomi wa Kibarazani

Haya. Kaeni vizuri.

Kabla ya mapinduzi Wafaransa walikuwa na visiwa viwili katika bahari yetu, Île de France (ndiyo Mauritius) na Bourbon (leo Réunion). Kule walilima kahawa na miwa kwa nguvu za watumwa, na wengi walitoka Madagaska, Msumbiji na Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mtu, na juu yake piasta 2 za sultani. Watu walioishia visiwani wametoka hata bara kwa Wayao na Wamakua.

Tarehe 4 Februari 1794 bunge la mapinduzi Paris linafuta utumwa katika makoloni yote. Mnadhani Île de France walishangilia? Mwaka 1796 walikuja wajumbe wawili, Baco na Burnel, na askari, kuitekeleza amri. Wenye mashamba wakawapandisha tena melini. Utumwa ukaendelea, na mwaka 1802 Napoleon akaruhusu rasmi uendelee pale ambapo haukuwa umefutwa. Ndiyo maana nacheka nikisikia "Ufaransa mama wa haki za binadamu".

Mwaka 1798 Napoleon anashuka Misri, Waingereza wanaona India iko hatarini. Tarehe 12 Oktoba mwaka uleule wanatiliana mkataba na Sultan bin Ahmad wa Muscat, baba yake Seyyid Said, kwamba asiwape Wafaransa nafasi nchini mwake. Januari 1799 Napoleon kutoka Cairo akamwandikia mtawala huyo barua, na ndani yake nyingine ya kumpelekea Tipu Sultan wa Mysore. Zote zikaangukia mikononi mwa Waingereza. Urafiki wa Muscat na Uingereza uliokuja kuitawala Zanzibar karne nzima iliyofuata ulianzia kwenye hofu ya Napoleon. Mwisho Desemba 1810 Waingereza wakaiteka Île de France, na soko kubwa la watumwa wa Kilwa na Unguja likaanza kuzibwa.

#19 Karafuu Mbichi

Mimi Mpemba, niacheni nimalizie maana hapa ndipo tulipozaliwa sisi.

Mikarafuu asili yake ni Maluku, na Waholanzi waliilinda kwa mauaji. Mfaransa Pierre Poivre akafanya mpango, miche ikafika Île de France mwaka 1770. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwarabu mmoja mfanyabiashara, Saleh bin Haramil, aliyekuwa na uhusiano na Wafaransa, akaileta Unguja, akapanda Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said baadaye akamnyang'anya mashamba.

Angalieni wakati wenyewe. Soko la visiwani limefungwa, Waingereza wanabana biashara ya baharini, na mkataba wa Moresby wa 1822 ukapiga marufuku kuwauza watumwa kwa Wakristo. Watumwa hawana pa kwenda, basi wakabakizwa hapahapa kulima karafuu. Mashamba ya Unguja yakajaa, kisha Pemba, na baada ya kimbunga cha 1872 kung'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo mama. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchumaji, na mama yake alitoka bara hakujulikana wapi. Kwa hiyo nikisoma Waterloo au Misri sisomi habari za watu wa mbali.

#20 Baharia Mstaafu

Nakubali nusu. Msiwafanye Waomani kuwa vikaragosi wa Paris na London. Walikuwa wameshaishika Kilwa miaka ya 1780, kabla ya Bastille. Said alikuwa mfanyabiashara, aliona bei ya karafuu ni nzuri, akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Meno ya tembo, Wahindi wenye mitaji, wanunuzi wa Marekani kutoka Salem, hawa wote wako wapi kwenye hadithi yenu? Napoleon asingezaliwa, Unguja ingelima karafuu tu.

#21 Karafuu Mbichi

Miche ingetoka wapi, baba?

#22 Baharia Mstaafu

Kwa wafanyabiashara, kama bidhaa nyingine zote. Mlango ukifungwa mfanyabiashara huingia dirishani.

#23 Mwana Ndzuwani

Salam alaikum. Natoka Komoro, naishi Marseille. Kuna jambo mmelisahau, nalo lilitokea kwetu.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1800 bomu lililipuka Paris, mtaa wa Saint-Nicaise, Napoleon akinusurika. Waliolitega ni watu wa mfalme, lakini Napoleon alikwisha kuamua kuwasingizia Wajakobini, wanamapinduzi wa zamani. Hata polisi walipoleta ushahidi, hakurudi nyuma. Orodha ya watu 130 ikatolewa wahamishwe bila kesi. Kama 70 walifikishwa Shelisheli mwaka 1801. Wenyeji wenye watumwa hawakuwataka, wakaogopa watawafundisha watumwa uasi. Mwaka 1802 zaidi ya 30 wakasukumwa tena, wakashushwa Ndzuwani, kwa sultani wetu. Ndani ya wiki chache wengi walikufa. Wako wanaosema ni homa, wako wanaosema ni sumu.

Mmoja wao alikuwa jenerali Rossignol. Huyu alikuwa fundi wa dhahabu wa mtaani, tarehe 14 Julai 1789 alikuwamo katika wale waliovunja Bastille. Alipanda cheo mpaka ujenerali, akapigana Vendée. Kaburi lake liko kisiwani kwetu.

#24 Kijiti cha Moto

Subiri. Aliyevunja Bastille amezikwa Komoro? Kahawa imenipalia.

#25 Mwokaji wa Ngamiani

Mwana Ndzuwani ahsante sana. Hili sikuwahi kulisikia.

#26 Athumani wa Kibokoni

Na Shelisheli hapo ndipo alipokuwa yule kamanda Quinssy. Manowari za Waingereza zikija anashusha bendera, anatia saini kusalimu amri. Zikiondoka anapandisha ya Ufaransa. Alirudia hivyo mara kadhaa tangu 1794, na Waingereza walipokamata moja kwa moja wakamwachia cheo. Wanasiasa wetu wana babu yao kule.

#27 Mwana wa Lushi

Jambo ndugu zangu, niko Lubumbashi. Nasoma kurasa zote mbili nasikia Paris, London, Muscat. Haiti iko wapi? Pale ndipo mapinduzi yalikuwa kweli.

Saint-Domingue (ndiyo Haiti ya leo) ilikuwa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa, sukari na kahawa, watumwa karibu 500,000. Agosti 1791 wakachoma mashamba. Mnafundishwa shuleni kwamba walisikia habari za uhuru na usawa kutoka Paris wakaiga. Hapana. Wengi wao walizaliwa Afrika, na sehemu kubwa walitoka ufalme wa Kongo, ambako kulikuwa na vita vya kugombea kiti cha ufalme kwa miaka mingi. Waliouzwa wengi walikuwa mateka wa vita, maana yake askari. Walijua bunduki, walijua kuvizia. Kiongozi mmoja, Macaya, mwaka 1793 alipoitwa ajiunge na jamhuri alijibu kwamba yeye ni raia wa wafalme watatu: wa Kongo, bwana wa weusi wote, wa Ufaransa, na wa Hispania. Mtu wa namna hiyo hakujifunza vita Paris.

Na ile sheria ya 1794 ya kufuta utumwa, Msomi, bunge halikuitoa kwa huruma. Kule kisiwani wajumbe wa Ufaransa walikuwa wameshautangaza uhuru mwaka 1793, kwa sababu bila hao weusi wangepoteza koloni kwa Waingereza na Wahispania. Paris ilipiga muhuri jambo lililokwisha kutendeka.

#28 Msomi wa Kibarazani

Lushi, hilo la mwisho nalichukua. La kwanza linanipa taabu. Toussaint Louverture, kiongozi wao mkuu, alizaliwa kisiwani, hakuwa Mkongo wa vitani, na katiba yake ya 1801 ina lugha ya wakati ule ya Ufaransa mwanzo mpaka mwisho. Aliandika barua zake Kifaransa. Bila Paris kugawanyika vipandevipande, jeshi la mfalme lingeuzima uasi kama ulivyozimwa mwingine mwingi.

#29 Mwana wa Lushi

Toussaint alikuwa jenerali. Nani walikuwa jeshi?

#30 Dr. Mbu

Jeshi lilikuwa mbu 😄 Nisamehe jina langu. Nafanya kazi ya afya, wadudu ndio riziki yangu. Napoleon alipomtuma shemeji yake Leclerc mwishoni mwa 1801 kurudisha utawala, alimpa makumi ya maelfu ya askari. Toussaint alikamatwa kwa hila, akafia kwenye ngome ya Joux, baridi kali, Aprili 1803. Lakini homa ya manjano iliwafyeka Wafaransa, Leclerc mwenyewe akafa nayo Novemba 1802. Anayeieneza ni mbu aina ya Aedes, yuleyule anayetuletea dengi Dar. Mimi nimeugua dengi, mifupa yote ilikuwa inadai talaka. Sasa fikiria hiyo halafu uambiwe shika bunduki upande mlima.

#31 Mwana wa Lushi

Mbu hawakutangaza jamhuri, daktari. Weusi walijua msimu wa homa na wakaungoja. Mbinu ni ya watu.

#32 Dr. Mbu

Hapo sibishi.

#33 Mwalimu Zuhura

Na mwisho wake haukuwa mwisho. Tarehe 1 Januari 1804 Dessalines akatangaza uhuru. Mwaka 1825 Ufaransa ikatuma manowari kudai faranga milioni 150, fidia kwa wenye mashamba waliopoteza "mali", na mali yenyewe ni pamoja na binadamu. Ikashushwa mwaka 1838 kuwa milioni 90, lakini Haiti ilikopa benki za Paris kulipa, na mikopo iliyotokana na deni lile haikuisha mpaka 1947. Msomi, ukiandika tena kuhusu deni la vita, anzia hapo.

#34 Bi Ashura M.

Nawasoma kimya tangu jana. Kina mama wametajwa kwenye mkate tu. Olympe de Gouges aliandika haki za wanawake mwaka 1791, tarehe 3 Novemba 1793 akakatwa kichwa. Talaka iliruhusiwa 1792, Napoleon akaibana katika Sheria ya Madai ya 1804, na mwaka 1816 wakaifuta kabisa mpaka 1884. Kifungu cha 213 kilisema mume ampe mke ulinzi, mke ampe mume utii. Sheria hiyo ndiyo iliyosambaa duniani, siyo ya Olympe.

#35 Mwana wa Lushi

Mama Ashura umenigusa. Ilipita Ubelgiji ikatufikia. Sheria yetu ya mikataba ni ya 1888, enzi za Léopold, na mizizi yake ni hiyohiyo ya Napoleon. Kanuni ya familia ya 1987 ilidai mke apate ruhusa ya mume katika mambo ya kisheria, mpaka ikarekebishwa 2016. Shangazi yangu, mwenye duka lake la vitenge, aliambiwa na benki moja alete barua ya mume ndipo afungue akaunti. Mume mwenyewe alikuwa anakula kutoka dukani humo.

#36 Kijiti cha Moto

Napoleon mfupi vile kutusumbua hivi. Watu wafupi bwana.

#37 Athumani wa Kibokoni

Hakuwa mfupi. Futi 5 na inchi 2 zilikuwa za Kifaransa, na inchi yao ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Inatoka sentimita 168 hivi, mtu wa kawaida kwa enzi ile. Wachora vibonzo wa London ndio waliomfupisha.

#38 Mwokaji wa Ngamiani

Na hiyo sentimita ni mtoto wa mapinduzi. Zamani kila mji ulikuwa na ratili yake na kipimo chake cha nafaka, kabaila akipokea anatumia kikubwa. Wakulima walilalamika sana juu ya hilo mwaka 1789. Ndipo wakawatuma Delambre na Méchain kupima nchi kutoka Dunkirk mpaka Barcelona, katikati ya vita. Walikamatwa wakidhaniwa majasusi kwa sababu ya bendera na darubini zao. Sheria ya mita na kilo ikatoka 1795, lakini mwaka 1812 Napoleon akaruhusu vipimo vya zamani virudi madukani. Kilo ikawa lazima 1840. Mimi nikipima unga nawashukuru wale wawili kuliko majenerali wote mliowataja.

#39 Msomi wa Kibarazani

Tukiwa bado Haiti: wengi hamjui kwamba ushindi ule ndio ulioikuza Marekani. Ufaransa iliposhindwa Vertières, pigano la mwisho kule Haiti, Napoleon akaona Louisiana haina faida, akawauzia Wamarekani kwa dola milioni 15. Nchi yao ikawa karibu mara mbili.

#40 Athumani wa Kibokoni

Msomi, tarehe hazikubali. Louisiana iliuzwa Aprili 1803, Vertières ni tarehe 18 Novemba 1803. Aliuza kabla. Alihitaji fedha, vita na Uingereza vilianza tena Mei ile, na asingeweza kuilinda Louisiana dhidi ya meli za Waingereza.

#41 Mwana wa Lushi

Leclerc alikufa Novemba 1802. Mtu hahitaji kungoja vita vya mwisho ili ajue ameshindwa. Jeshi la Louisiana lilikuwa lipite Saint-Domingue kwanza, na halikupita.

#42 Athumani wa Kibokoni

Lile la Louisiana lilikuwa jingine, la Victor, na lilikwama kwenye barafu bandarini Uholanzi msimu ule wa baridi. Leteni ushahidi kwamba Wakongo waliigandisha bahari.

#43 Mwana wa Lushi

Na kwa nini barafu ilipoyeyuka hakulituma? Nijibu hilo, nangoja.